UZI: Protini ya chanjo ya korona kwenye maabara ya Mbeya. Tuzalishe ndani ya nini, na panakwama wapi?

Loleza_Bayo (mleta uzi)
Kamwene wanajamvi, na ugonile kwa wa Rungwe na Kyela. Naomba mchango wa wanaoijua kazi hii kwa mikono, siyo kwa vichwa vya habari.

Lengo ni kupata protini safi ya chanjo dhidi ya virusi vya korona, miligramu 10 hadi 20, ya kuchanja panya wa maabara na kupima kingamwili zao. Vilivyopo: shaka (mashine ya kutikisa chupa) yenye kupoza, sentrifyuji, elektropoleta (ya kupenyeza DNA ndani ya seli kwa umeme), vifaa vya jeli, kolamu za nikeli. Fementa hakuna. Inkubeta ya CO2 ipo moja, nayo ina foleni.

Maswali mawili. Tuchukue mwiba mzima wa kirusi (protini inayochomoza juu yake), au kile kipande chake kinachoshika kipokezi cha ACE2 (RBD)? Na tukizalishe ndani ya nini: bakteria, hamira, seli za wadudu au seli za mamalia?

Gangilonga
Mkuu, kwa vifaa hivyo ni RBD ndani ya hamira ya Pichia pastoris. Ila shika na sababu, maana ndizo utakazozihitaji mambo yakigoma.

Mwiba mzima ni minyororo mitatu iliyosukwa pamoja, kila mmoja na amino asidi 1,273 na vituo 22 vya kubandikia sukari. Umekaa kama mtego uliotegwa. Ukifyatuka unabadili umbo, na kingamwili nyingi zinazolenga umbo lililofyatuka hazizuii kirusi kuingia kwenye seli. Ndiyo maana wabunifu waliuchomeka prolini mbili, nafasi ya 986 na 987, mbinu iliyotokana na kazi ya MERS iliyochapishwa 2017. Wakaharibu na sehemu inayokatwa na kimeng'enya cha furini (682 hadi 685), kisha wakaweka kifungo mkiani cha kuishika minyororo mitatu isiachane. Mwaka 2020 maabara ya Jason McLellan, Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, ikaongeza prolini nyingine nne. Toleo hilo linaitwa HexaPro na linazalika karibu mara kumi ya lile la kwanza.

Halafu kuna kituko cha baridi. Mwiba wa prolini mbili ukikaa siku kadhaa kwenye nyuzi 4 huanza kulegea, ukirudishwa nyuzi 37 kwa muda hujirekebisha. Mtu anauweka kwenye friji kwa nia njema kabisa, wiki inayofuata vipimo vinamgeuka. HexaPro ni mvumilivu zaidi.

Novavax walitumia mwiba mzima, wakauzalisha ndani ya seli za wadudu (Sf9) kwa kutumia bakulovirusi. Dozi ni mikrogramu 5 za protini na mikrogramu 50 za Matrix-M, kichocheo kinachotokana na saponini za magome ya mti wa Quillaja wa Chile. Chanjo nzuri, ila siyo kazi ya kuanzia kwa maabara yenye shaka moja.

RBD ina amino asidi 220 hivi, haina cha kufyatuka, na kingamwili kali zinazozuia kirusi nyingi hulenga hapo. Ubaya wake ni udogo: kinga ya mwili haiichangamkii ikiwa peke yake. Wachina wakaiunganisha mbili mbili (ZF2001, mikrogramu 25, dozi tatu). Wacuba wakaifunga kwenye toksoidi ya pepopunda, ndiyo Soberana 02. Corbevax iliyopata ruhusa India Desemba 2021 ni RBD ya Pichia, mikrogramu 25, pamoja na vichocheo viwili, alumini hidroksaidi na CpG 1018.

Tindo_la_Mawe
Kwa nini msiende na E. coli? Inakua usiku mmoja, vyakula vyake bei poa, kila mtu anaijua.

HamiraKali
Kaka, kwa protini nyingine ningekuunga mkono. Hii ina sisteini tisa. Nane zinafungana jozi kwa jozi: 336 na 361, 379 na 432, 391 na 525, 480 na 488. Jozi moja ikikosea, umbo limekwenda. Ndani ya E. coli ya kawaida mazingira hayaruhusu madaraja hayo ya salfa kujengeka, hivyo protini inaganda kuwa madonge. Utayeyusha madonge kwa urea ya molari 8, utaanza kuikunja upya taratibu kwa glutathioni, na mwisho utabaki na kiasi kidogo kilichokaa sawa kikiwa kimechanganyika na kilichokaa upande. Kwenye jeli ya kawaida vyote viwili ni bendi ile ile! Hapo ndipo watu wanajidanganya. Ongeza na endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria), ambayo kwa protini ya chanjo ya kuchoma wanyama inashauriwa iwe chini ya uniti 20 kwa mililita. Hamira haina endotoksini ya kwake. Ikionekana, imetoka kwenye maji yako au vyombo vyako.

Isitoshe, chanjo ya homa ya ini B iliyomo ndani ya pentavalenti wanayochomwa watoto kila kliniki ni protini ya hamira. Njia hii ina miaka. Ya kwanza ilipewa kibali Marekani mwaka 1986.

Sasa sisteini ya tisa, ya 538, haina mwenza ukikata kipande hiki peke yake. Inabaki inatafuta wa kushikana naye, inashika RBD ya jirani, unapata mbilimbili na mabonge usiyoyataka. Kikundi cha Houston cha Peter Hotez na Maria Elena Bottazzi waliibadili kuwa alanini. Waliondoa pia amino asidi ya 331, kwa sababu pale Pichia inabandika sukari nyingi za manosi na bendi yako inakuwa mpako badala ya mstari. Kwa hiyo agiza jeni inayoanza 332, inaishia 549, C538A, na histidini sita mkiani.

Loleza_Bayo
Mkuu HamiraKali hapo umenifungua. Naomba hatua, kuanzia jeni mpaka chupa ya methanoli. Usiogope urefu.

HamiraKali
Haya.

Vekta (plasmidi ya kubebea jeni) ni pPICZα. Kabla ya kuagiza jeni hakikisha ndani yake hakuna sehemu ya kukatwa na kimeng'enya utakachotumia kunyoosha plasmidi (SacI, PmeI au BstXI). Ikiwemo, utaikata chanjo yako vipande viwili bila kujua. Waambie watengenezaji waepuke misururu mirefu ya A na T, kwa sababu Pichia huweza kuisoma kama mwisho wa jeni ikaachia njiani. Na ibandike jeni moja kwa moja baada ya eneo la Kex2 (pale hamira inapokata kipande cha kutolea protini nje). Ukiacha zile glutamati-alanini za vekta, baadhi ya protini zitatoka na mkia mbele na nyingine bila, utahangaika na uzito usioeleweka.

Kwenye E. coli ya kukuzia plasmidi, Zeocin (dawa inayoua seli zisizobeba plasmidi) ni mikrogramu 25 kwa mililita, LB ya chumvi kidogo (gramu 5 kwa lita), pH 7.5. Chumvi ikizidi dawa inapooza na kila kitu kinaota. Mwanga pia unaiua, kwa hiyo sahani zifunge giza.

Plasmidi iliyonyooshwa: mikrogramu 5 hadi 10, isafishwe chumvi kabisa, ndani ya mikrolita 10 za maji. Hamira ikuzwe hadi OD (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) 1.3 mpaka 1.5, ioshwe mara mbili kwa maji ya barafu, mara moja kwa sobitoli ya molari 1. Chukua mikrolita 80 za seli, kuveti ya milimita 2, kilovolti 1.5, mikrofaradi 25, omu 200. Ukisikia "pa!" ujue chumvi imebaki na seli zimekufa, usipoteze sahani. Mshtuko ukiisha tu, mimina mililita 1 ya sobitoli baridi, muda huo huo, siyo baada ya kuandika lebo. Nyuzi 30 saa moja hadi mbili bila kutikisa, kisha sahani za YPDS (chakula cha hamira chenye sobitoli) zenye Zeocin mikrogramu 100. Makoloni huanza siku ya tatu, mengine huchelewa hadi ya kumi. Chukua angalau ishirini, uyapitishe pia kwenye Zeocin 500 na 1,000. Yanayovumilia mara nyingi yamebeba nakala kadhaa za jeni, ingawa nakala nyingi siyo lazima protini nyingi. Jaribu yote.

Kukuza: BMGY (midia yenye gliseroli) mililita 25 ndani ya chupa ya 250 yenye vikwazo ukutani, nyuzi 28 hadi 30, mizunguko 250, mpaka OD iwe kati ya 2 na 6. Zungusha kwenye sentrifyuji g 3,000 dakika 5, mwaga BMGY yote, zirudishe seli ndani ya BMMY (midia yenye methanoli) kwa OD 1. Gliseroli ikibaki, hata kidogo, promota ya AOX1 (swichi inayowasha jeni yako) inalala na methanoli haiiamshi. Funika kwa kitambaa cha shashi tabaka mbili. Karatasi ya alumini inabana hewa, na Pichia ikiwa kwenye methanoli inakula oksijeni vibaya sana. Kioevu kisizidi theluthi ya chupa, asilimia 10 hadi 20 ndiyo salama.

Methanoli: asilimia 0.5 kila saa 24, yaani nusu mililita kwa kila mililita 100. Ijumaa jioni watu huongeza dozi ya wikendi nzima kwa mkupuo. Usifanye hivyo, ikirundikana inaua hamira yenyewe. Chukua sampuli ya mililita 1 saa ya 0, 24, 48, 72 na 96. Bendi ikipanda mpaka saa 48 kisha ikaanza kupungua huku vibendi vidogo vikijitokeza chini yake, hizo ni protezi zinatafuna. Shusha joto hadi 22 mpaka 25 na uongeze asidi za kasini asilimia 1.

Na mamia ya miligramu kwa lita unayoyasoma kwenye machapisho ni ya fementa. Kwa chupa, panga lita moja nzima uigawe kwenye chupa kubwa nyingi.

Kihesa_Kilolo
Uzi wa moto. Nafuatilia.

Uyole_Juu
Naongezea jambo ambalo protokali za pwani na za Ulaya hazisemi: mwinuko. Mbeya tuko mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 82 na nusu badala ya 101.

Otoklevu kwanza. Geji inapima tofauti na hewa ya nje. Ukiiacha kwenye pauni 15 kama kitabu kinavyosema, huku ndani unapata nyuzi 118 na siyo 121. Tunahitaji karibu pauni 18, kama chombo kimeruhusiwa kufika hapo. Kama hakijaruhusiwa, ongeza muda na tumia kipimo cha vijidudu vya majaribio kuthibitisha. Na usiamini geji peke yake, weka kipimajoto ndani ya chupa ya maji katikati ya mzigo. Hamira-mwitu ikiingia kwenye chupa ya saa 96 utaitambua kwa harufu, na utakuwa umechelewa.

Pili, oksijeni. Ukisanifu kipimo cha oksijeni hapa ukasema "hii ni mia", mia yako ni pungufu kwa karibu moja ya tano kulinganisha na Dar. Kwa chupa maana yake ni kupunguza ujazo. Anayeleta fementa baadaye ajue kwamba lishe ya methanoli itabidi iende polepole, au achanganye oksijeni safi.

Tatu, maji yanachemka nyuzi 94 na kitu. Sampuli za jeli usizichemshe kwenye sufuria, tumia bloku kavu.

Na inkubeta ya CO2: asilimia 5 ya huku siyo asilimia 5 ya Dar, pH ya midia inapanda.

Gangilonga
Hapo kwenye CO2 nikurekebishe kidogo Uyole_Juu. Ukipiga hesabu, pH inapanda kwa takriban 0.1 tu. Kuweka asilimia 6 kunamaliza. Na kwa Sf9 haihusu kabisa, zile zinakua nyuzi 27 bila CO2. Ya otoklevu na oksijeni nakuunga mkono, hayo ni makubwa.

Vifaranga_Mafinga
Samahani wataalamu, sisi wafugaji tunajua korona ya kuku kabla ya hii ya watu: ile bronkaitisi ya kuambukiza, kuku anakoroma na mayai yanatoka ganda bovu. Je, hii njia ya hamira haiwezi kutupatia chanjo ya bei nafuu?

Gangilonga
Mama, umeona mbali, ile nayo ni korona kweli, ila ya kundi la gama, na haitumii kipokezi cha ACE2. Kipande kinacholengwa kule ni S1, nacho kina sukari nyingi na ni kirefu zaidi, hivyo hamira inasumbuka nacho kuliko RBD. Kikwazo kikubwa ni bei na njia ya kuchanja. Chanjo hai kama H120, iliyodhoofishwa kwa kupitishwa kwenye mayai mara 120, unaweka kwenye maji ya kunywa na banda zima linapata siku moja. Ya protini ni sindano, kuku mmoja mmoja, na kichocheo juu. Tena virusi vyenyewe vina aina nyingi zisizokingana vizuri, hivyo kabla ya kununua chochote mwulize daktari wa mifugo aina iliyopo eneo lenu.

Nikeli_Tu
Sasa usafishaji, maana protini ndani ya BMMY siyo chanjo.

Zungusha, chukua kioevu, tupa seli. Kiko pH 6, na histidini kwenye pH hiyo hazishiki nikeli vizuri. Pandisha taratibu hadi 7.5 au 8 kwa Tris. Kitachafuka ghafla kama maziwa: ni fosfeti za kalsiamu na magnesiamu, siyo protini yako, usipanike. Acha itulie, zungusha tena, chuja kwa 0.45 kisha 0.22. Ukiruka hapo kolamu inaziba mchana huo huo. EDTA usiweke, itang'oa nikeli. DTT usiweke, itavunja yale madaraja ya salfa tuliyoyasumbukia.

Imidazoli (inayobandua histidini kwenye nikeli): 10 hadi 20 milimolari wakati wa kupakia, 20 hadi 40 kuosha, 250 kutoa. Gawa vipande vya kutolea vidogo vidogo, tazama kila kimoja kwenye jeli. Toa imidazoli kwa dayalisisi, kisha kama kuna kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa pitisha humo. Kilele cha kwanza, kile kinachotoka mapema, ni mabonge. Acha tamaa ya kukichanganya na cha pili ili kuongeza miligramu. Mabonge yale yatakupa kingamwili nyingi kwenye ELISA (kipimo cha kushikana kinachosomwa kwa rangi) zisizozuia kirusi, na utaandika ripoti nzuri ya kitu kibovu.

HamiraKali
Hoja ya Nikeli_Tu ndiyo kiini cha uzi huu. Pima umbo, siyo wingi. Jeli mbili sambamba, moja yenye DTT na nyingine bila. Bila DTT kukiwa na ngazi ya bendi kupanda juu, mbili, tatu, nne, basi sisteini zimeshikana kiholela. Bendi ikiwa mpako, kata sukari kwa kimeng'enya cha Endo H. Ikikusanyika kuwa mstari mmoja, tatizo lilikuwa sukari tu.

Halafu ELISA ya ACE2. Paka sahani RBD mikrogramu 2 kwa mililita, mikrolita 100 kwa shimo, usiku kucha nyuzi 4. Ziba kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe). Weka ACE2 yenye mkia wa Fc (kipande cha kingamwili), ukianzia mikrogramu 1 kwa mililita ukipunguza mara mbili mbili, kisha kingamwili yenye kimeng'enya cha HRP, kisha TMB inayogeuzwa buluu nacho. Na muhimu kuliko vyote: mashimo ya RBD ile ile uliyoichemsha na DTT. Hayo lazima yabaki meupe. Yakigeuka buluu kama mengine, kipimo chako kinapima kunata, hakipimi umbo.

Njombe_Baridi
Nachangia upande wa kichocheo na usafirishaji.

Alhydrogel ya asilimia 2 ina miligramu 10 hivi za alumini kwa mililita. Kwa panya mmoja, mikrogramu 10 za RBD na mikrogramu 100 za alumini (mikrolita 10 za Alhydrogel), jumla mikrolita 100, nusu kila paja. Dozi mbili, siku ya 0 na ya 21, damu siku ya 35. Weka kundi la alumini tupu na kundi la RBD tupu, vinginevyo hutajua nani kafanya kazi.

Sasa angalia: RBD ina chaji chanya kwenye pH ya kawaida, na alumini hidroksaidi nayo ni chanya. Hazipendani sana. Ukitumia bufa ya fosfeti, fosfeti inakwenda kushika nafasi kwenye alumini na protini inabaki inaelea. Tumia Tris. Changanya saa moja kwa kuzungusha polepole, dondosha chini kwa sentrifyuji, pima protini iliyobaki juu kwa BCA. Ikibaki nyingi, ongeza alumini.

Na chanjo ya alumini haigandishwi. Watu wanaogopa joto, huku kwetu adui ni baridi. Makete na Kitulo kati ya Juni na Agosti kuna usiku wa jalidi, sanduku likilala nyuma ya gari limekwisha. Hata mchana, pakiti ya barafu iliyotoka friza moja kwa moja inagandisha chupa iliyoigusa. Iache nje mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ukiwa na shaka fanya kipimo cha kutikisa: chukua chupa ya toleo lile lile, igandishe makusudi mpaka iwe jiwe, iyeyushe, kisha uitikise pamoja na ile unayoishuku na uziweke mezani dakika 30. Zikituama kwa kasi moja, ya mashaka iliganda. Itupe.

Tindo_la_Mawe
Swali la nje kidogo. Kwa nini tusiweke kifungo cha kushika tatu tatu, tupate kitu kikubwa zaidi?

Gangilonga
Unaweza, lakini chagua kifungo kwa akili. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitumia vipande vya gp41 ya VVU kama kibanio. Chanjo ilikuwa salama, ila baadhi ya waliochanjwa wakaanza kusoma chanya kwenye vipimo vya VVU bila kuwa na maambukizi. Desemba 2020 mradi ukasimamishwa. Kwa Mbeya, ambako kipimo cha VVU ni jambo la kila kliniki, kitu hicho usikiguse. Foldoni ya faji T4 haina mgogoro huo.

Na vibali mapema: hamira iliyobadilishwa vinasaba inaangukia kanuni za usalama wa bayoteknolojia za 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hata kama haitoki nje ya maabara. Panya wana kibali chao cha maadili. Binadamu ni NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) na TMDA (mamlaka ya dawa), na hiyo ni safari nyingine yenye kiwanda chenye viwango, siyo chupa za shaka.

Loleza_Bayo
Asanteni sana. La mwisho: umeme ukikatika, protini iliyosafishwa iwekwe vipi?

Nikeli_Tu
Tris milimolari 20, chumvi 150, gliseroli asilimia 10, pH 7.5. Chuja 0.22. Gawa mikrolita 100 kwa kila kichupa, gandisha kwa mkupuo, nyuzi hasi 80, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Alumini haiwekwi humo, inachanganywa siku ya kuchanja. Usivipange vyote friza moja. Na kila toleo lihifadhiwe kichupa kimoja cha kurudia ELISA ya ACE2 siku ile ile unayochoma panya.